Homonimu za Kikorea zenye asili ya Kichina

Homonimu za Kikorea zenye asili ya Kichina ni maneno ya lugha ya Kikorea yanayotamkwa na kuandikwa kwa namna moja katika alfabeti ya Hangul, ilhali yanatokana na herufi tofauti za Kichina na yana maana tofauti. Kwa Kikorea maneno ya aina hii huitwa *dongeumiuieo* (동음이의어), maana yake "maneno ya sauti moja na maana mbalimbali". Herufi za Kichina zinazotumika kuandika Kikorea huitwa *Hanja* (한자, 漢字).

Kiswahili pia kina homonimu. Neno "kaa" laweza kuwa mnyama wa baharini, kipande cha makaa au kitendo cha kuketi. Tofauti ni kwamba katika Kikorea maneno ya namna hii ni mengi sana, na maandishi ya zamani ya Hanja yaliyatofautisha kwa macho. Tangu Hanja ilipoacha kutumika katika maandishi ya kila siku, tofauti hiyo haionekani tena kwenye ukurasa.

Kwa sababu hiyo homonimu hizi zimekuwa suala la siasa ya elimu nchini Korea Kusini. Katika miaka ya 2020 mjadala umepamba moto tena: je, vijana hawaelewi maneno kwa sababu hawakufundishwa Hanja, au tatizo liko mahali pengine?

## Asili

Kikorea si lugha ya jamii ya Kichina. Sarufi yake ni tofauti kabisa, na vitenzi vyake huja mwishoni mwa sentensi. Hata hivyo, kwa karne nyingi Wakorea wasomi waliandika kwa Kichina cha kale, na maneno mengi ya dini, utawala, tiba na elimu yaliingia kwa njia hiyo. Leo zaidi ya nusu ya maneno yaliyomo katika kamusi kubwa za Kikorea yana asili ya Kichina, ingawa katika mazungumzo ya nyumbani sehemu yake ni ndogo zaidi.

Homonimu zilizaliwa kwa sababu kuu tatu.

Ya kwanza ni kupotea kwa toni. Kichina hutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, lakini Kikorea sanifu cha leo hakina toni. Kwa hiyo herufi zilizokuwa na matamshi tofauti zilikuja kusomwa sawa. Silabi *su* (수) ni mfano mzuri: inaweza kuwa 水 (maji), 手 (mkono), 數 (idadi), 首 (kichwa), 受 (kupokea), 守 (kulinda), 樹 (mti) au 壽 (umri mrefu).

Ya pili ni uchache wa silabi. Hangul inaweza kuunda silabi 11,172, lakini herufi zote za Kichina zinazosomwa kwa Kikorea hutumia takriban 500 tu kati ya hizo. Maelfu ya herufi yanabanana katika silabi chache.

Ya tatu ni wimbi la maneno mapya ya karne za 19 na 20. Wasomi wa Japani waliunda maneno ya kisayansi na ya kisiasa kwa kuunganisha herufi za Kichina, na mengi yake yakaingia Korea, hasa wakati wa ukoloni wa Japani (1910–1945). Maneno hayo yaliundwa ili yasomwe kwa macho. Yalipotamkwa kwa Kikorea, baadhi yalifanana na maneno yaliyokuwapo tayari.

Hapo zamani urefu wa irabu ulisaidia kidogo. Kamusi bado zinaonyesha kwamba *sagwa* lenye maana ya kuomba radhi lina irabu ndefu mwanzoni, na *sagwa* lenye maana ya tufaha lina irabu fupi. Lakini vijana wengi wa Seoul hawatofautishi tena urefu huo, na Hangul haiuandiki.

## Mifano

- *sagwa* (사과): tufaha (沙果), kuomba radhi (謝過)
- *uisa* (의사): daktari (醫師), nia (意思), mzalendo aliyejitoa mhanga (義士)
- *sudo* (수도): mji mkuu (首都), maji ya bomba (水道)
- *jeongi* (전기): umeme (電氣); wasifu wa mtu (傳記); kipindi cha kwanza (前期)
- *sijang* (시장): soko (市場), meya (市長)
- *sahoe* (사회): jamii (社會), kuongoza shughuli au sherehe (司會)
- *buja* (부자): tajiri (富者), baba na mwana (父子)
- *boksu* (복수): wingi katika sarufi (複數), kisasi (復讐), maji yanayojaa tumboni kwa ugonjwa (腹水)

Kundi dogo ni la maneno yenye maana zinazopingana. *Banghwa* (방화) ni kuzuia moto (防火), na pia ni kuchoma moto kwa makusudi (放火). *Bangsu* (방수) ni kuzuia maji yasipenye (防水), na pia ni kufungulia maji yatoke (放水). *Yeonpae* (연패) ni kushindwa mfululizo (連敗), lakini pia ni kutwaa ubingwa mfululizo (連霸). Msomaji wa habari za michezo anayekuta kwamba timu ina *yeonpae* tatu hana budi kuendelea kusoma ili ajue kama ashangilie au asikitike.

Mfano unaojulikana na watoto wa shule ni wa An Jung-geun, aliyemuua mwanasiasa wa Japani Itō Hirobumi mjini Harbin tarehe 26 Oktoba 1909. Wakorea humwita *An Jung-geun uisa*, kwa maana ya mzalendo aliyejitoa mhanga. Mtoto asiyejua neno hilo la tatu hudhani kwamba An alikuwa daktari.

## Jinsi wasemaji wanavyotofautisha

Katika mazungumzo ya kawaida homonimu hizi hazileti shida kubwa. *Sagwa* inayoliwa haichanganywi na *sagwa* inayotolewa kwa aliyekosewa, kwa kuwa vitenzi vinavyofuata ni tofauti. Mgonjwa hospitalini hadhani kwamba daktari anazungumzia kisasi anapotaja *boksu*.

Wasemaji pia wana mbinu zao. Mojawapo ni kuongeza neno la Kikorea asilia juu ya lile la Kichina, hata kama maana inarudiwa. *Chogajip* (초가집), nyumba ya nyasi, lina *ga* (家) na *jip*, na yote mawili yana maana ya nyumba. Mbinu nyingine ni kuliacha neno lenye utata: waandishi wa michezo mara nyingi huandika "ubingwa mara tatu mfululizo" badala ya *yeonpae*.

Magazeti yamebaki na Hanja kidogo. Vichwa vya habari hutumia herufi moja kwa nchi, kama 美 kwa Marekani, 中 kwa China, 日 kwa Japani na 北 kwa Korea Kaskazini, na neno lenye utata huweza kufuatwa na Hanja katika mabano.

Utata hubaki zaidi katika maandishi mafupi, katika majina ya watu, na katika istilahi za fani ambazo msomaji hazijui. Hapo muktadha haumsaidii, kwa sababu muktadha wenyewe ni mgeni kwake.

## Kutoka Hanja hadi Hangul

Mfalme Sejong wa nasaba ya Joseon alibuni Hangul mwaka 1443 na kuitangaza mwaka 1446 ili watu wa kawaida waweze kuandika. Hata hivyo watawala na wasomi waliendelea kutumia Kichina cha kale kwa zaidi ya miaka 400. Mwishoni mwa karne ya 19 maandishi mchanganyiko, yenye Hanja kwa maneno ya asili ya Kichina na Hangul kwa maneno mengine, yalianza kuenea.

Baada ya ukoloni, Hangul ikawa alama ya uhuru. Tarehe 9 Oktoba 1948 Korea Kusini ilipitisha sheria iliyoagiza nyaraka za serikali ziandikwe kwa Hangul, ikiruhusu Hanja katika mabano kwa muda. Serikali ya Rais Park Chung-hee iliiondoa Hanja katika vitabu vya kiada mwaka 1970. Miaka miwili baadaye ililegeza msimamo: mwaka 1972 wizara ya elimu ilitangaza orodha ya herufi 1,800 za msingi, zifundishwe katika shule za sekondari katika somo la pekee. Orodha hiyo ilirekebishwa mwaka 2000, lakini idadi ilibaki ileile.

Magazeti yalichelewa. Gazeti la *Hankyoreh*, lililoanzishwa mwaka 1988, lilivutia macho kwa kuandika kwa Hangul pekee na kwa mistari ya mlalo. Magazeti mengine makubwa yalifuata hatua kwa hatua katika miaka ya 1990. Mwaka 1999 serikali ya Rais Kim Dae-jung iliruhusu Hanja iandikwe sambamba na Hangul katika nyaraka na alama za barabarani, uamuzi uliopingwa vikali na watetezi wa Hangul.

Sheria ya Msingi ya Lugha ya Kikorea ya mwaka 2005 iliweka utaratibu uliopo hadi leo: nyaraka za umma huandikwa kwa Hangul, na herufi nyingine huwekwa katika mabano pale zinapohitajika. Watetezi wa Hanja walifungua kesi mwaka 2012 wakidai kwamba sheria hiyo inakiuka haki zao. Tarehe 24 Novemba 2016 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba sheria hiyo haivunji katiba. Matini rasmi ya katiba yenyewe, ya mwaka 1987, imeandikwa kwa maandishi mchanganyiko yenye Hanja.

Mvutano ulihamia shule za msingi. Mwaka 2014 wizara ya elimu ilitangaza mpango wa kuweka Hanja katika vitabu vya kiada vya shule za msingi, na mwishoni mwa 2016 ilieleza kwamba herufi 300 zingetumika pembeni mwa kurasa za madarasa ya tano na ya sita kuanzia mwaka 2019. Walimu wengi na vyama vya watetezi wa Hangul walipinga, na mpango huo ukaachwa kabla ya kuanza.

## Mjadala wa miaka ya 2020

Matukio machache yaliyosambaa katika mitandao ya kijamii yaliurudisha mjadala huu mbele ya umma.

Julai 2020 serikali iliongeza siku ya mapumziko, na vyombo vya habari vikaripoti mapumziko ya *saheul* (사흘). Neno hilo lina maana ya siku tatu, lakini watu wengi walidhani ni siku nne, kwa sababu "nne" katika hesabu za asili ya Kichina ni *sa*. *Saheul* likawa miongoni mwa maneno yaliyotafutwa zaidi nchini siku hiyo.

Novemba 2021 kiongozi wa chama kimoja cha siasa alimtakia mpinzani wake *muun* (무운) katika kinyang'anyiro cha urais. Alikusudia 武運, bahati ya askari vitani. Mwandishi mmoja wa televisheni alieleza hewani kwamba maana yake ni kukosa bahati, kana kwamba ni 無運.

Agosti 2022 mgahawa mmoja jijini Seoul uliomba radhi mtandaoni kwa hitilafu ya kupokea maombi ya nafasi, ukitumia maneno *simsimhan sagwa* (심심한 사과), radhi ya dhati kutoka moyoni (甚深). Baadhi ya wasomaji walikasirika. Kwao *simsimhada* ni neno la Kikorea asilia lenye maana ya kuchoshwa kwa kukosa la kufanya, wakaona wanadhihakiwa kwa radhi ya mtu aliyechoka.

Mara nyingi matukio haya huhesabiwa pamoja kama ushahidi wa jambo moja, lakini hayalingani. *Muun* ni homonimu halisi ya Hanja. *Simsim* ni mgongano wa neno la asili ya Kichina na neno la Kikorea asilia. *Saheul* halina Hanja kabisa: ni neno la Kikorea asilia, na waliokosea walikosea kwa kulisoma kana kwamba ni la Kichina. Ujuzi wa Hanja ungesaidia moja kwa moja katika tukio la kwanza na la pili tu kati ya hayo yaliyotajwa kwa namna hii, na usingesaidia kitu katika *saheul*.

## Hoja za wanaotaka Hanja ifundishwe zaidi

Hoja yao yenye nguvu haihusu homonimu peke yake, bali familia za maneno. Mwanafunzi anayejua kwamba *su* ya 水 ni maji hutambua mara moja uhusiano wa *sudo* (maji ya bomba), *suyeong* (kuogelea) na *hongsu* (mafuriko). Asiyejua hulazimika kukariri kila neno peke yake. Istilahi za sayansi na historia katika vitabu vya kiada zimejaa maneno ya aina hiyo.

Hoja ya pili ni ya usalama. Mwaka 2009 nyufa ziligunduliwa katika mataruma ya zege ya awamu ya pili ya reli ya mwendokasi ya Seoul–Busan. Badala ya kitu cha kuzuia maji, vifungio vilikuwa vimejazwa kitu kinachofyonza maji, na maji hayo yalipoganda wakati wa baridi yalipasua zege. Watetezi wa Hanja hulitaja tukio hili kama matokeo ya kulisoma vibaya neno *bangsu*.

Hoja ya tatu ni urithi. Kijana wa leo hawezi kusoma gazeti la miaka ya 1960 bila msaada, sembuse maandishi kwenye kaburi la babu yake.

## Hoja za wanaopinga

Wanaopinga husema kwamba lugha husemwa kabla ya kuandikwa. Redioni na kwenye simu hakuna Hanja, na watu huelewana. Isitoshe, maneno ya Kikorea asilia nayo yana homonimu: *bae* (배) ni pea, tumbo na mashua, na *nun* (눈) ni jicho na theluji. Hakuna anayedai kwamba maneno hayo yanahitaji herufi za kigeni.

Pia Hanja hailindi dhidi ya kila kutoelewa. Katika sheria za Korea, "mtu wa tatu mwenye *seonui*" (선의, 善意) ni mtu asiyejua jambo fulani lilikuwapo. Herufi zenyewe zinasema "nia njema". Msomaji anayezijua anaweza kupotea kwa ujasiri mkubwa kuliko asiyezijua.

Hoja nzito zaidi ni ya usawa. Watetezi wa Hangul hukumbusha kwamba kwa karne nyingi Hanja ilikuwa ukuta kati ya mwenye muda wa kusoma na mkulima. Leo hofu ni kwamba, Hanja ikiingia katika shule za msingi, wazazi wenye uwezo watawapeleka watoto kwenye masomo ya kulipia, na pengo litaanza mapema.

## Takwimu za usomaji

Katika upimaji wa PISA wa mwaka 2022, wanafunzi wa Korea Kusini wenye umri wa miaka 15 walipata wastani wa alama 515 katika kusoma, wakati wastani wa nchi za OECD ulikuwa 476. Katika upimaji wa watu wazima wa shirika hilohilo uliotangazwa Desemba 2024, hali ilikuwa kinyume: Korea Kusini ilipata alama 249 katika kusoma, chini ya wastani wa 260. Katika mzunguko wa kwanza, miaka kumi hivi kabla yake, ilikuwa imepata 273.

Ndani ya matokeo hayo ya watu wazima, vijana waliwashinda watu wa miaka 55 hadi 65. Hilo haliendani na picha ya vijana wasiojua kusoma wakilinganishwa na wazee waliolelewa na magazeti ya Hanja. Sehemu ya tofauti inatokana na wazee kusoma shule kwa miaka michache, kwa hiyo takwimu hizi hazithibitishi kwamba Hanja haina faida. Zinaonyesha tu kwamba haitoshi kueleza nani anaelewa anachosoma na nani haelewi.

## Korea Kaskazini

Korea Kaskazini iliacha kutumia Hanja katika machapisho ya umma mwishoni mwa miaka ya 1940, mapema kuliko Kusini, ingawa baadaye ilirudisha mafunzo yake shuleni. Ilichukua pia njia ya kubadilisha maneno. Mboga, ambazo Kusini huitwa *chaeso* (채소, 菜蔬), Kaskazini huitwa *namsae* (남새), neno la Kikorea asilia. Njia hiyo hupunguza homonimu, lakini imeongeza tofauti za msamiati kati ya nchi hizo mbili.

## Hali ya sasa

Kati ya kurudisha Hanja na kuiacha, Korea Kusini imekuwa ikijaribu njia ya tatu: kurekebisha maandishi yenyewe. Tangu mwaka 2006 wizara inayoshughulikia utungaji wa sheria inaendesha mpango wa kuziandika upya sheria kwa lugha inayoeleweka. Neno *nogyeon* (노견, 路肩), ukingo wa barabara, lililotoka Japani, limebadilishwa kuwa *gatgil* (갓길), na madereva wamelizoea kabisa.

Mbinu hiyo ina mipaka. Maneno ya asili ya Kichina hayawezi kuondolewa yote bila kuivunja lugha, na wanafunzi bado watakutana nayo. Hata hivyo, kufundisha kwamba *su* ni maji katika familia moja ya maneno na mkono katika familia nyingine kunawezekana kwa Hangul tupu, bila kumlazimisha mtoto kukariri jinsi ya kuchora herufi 水 na 手. Walimu kadhaa wa lugha hufundisha hivyo, na hapo pande mbili za mjadala hukaribiana.

Mzigo wa kueleweka pia hauko kwa msomaji peke yake. Anayeandika tangazo la hospitali, mkataba wa nyumba au maelekezo ya ujenzi anajua anakusudia *bangsu* ipi. Msomaji hajui mpaka aambiwe.